Elimu ya Wanawake Katika Chuo Kikuu: Tuzo, Mihadhara na Kazi za Kujitolea

Na Mwalimu wa Historia

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu, mzee mmoja aliniuliza swali lililowachekesha wengi, lakini mimi sikuliona la kuchekesha. Alisema, "Mwalimu, nasikia huko Chuo Kikuu kuna masomo ya wanawake. Je, binti yangu aende mbali hivyo kujifunza kupika, kazi ambayo mama yake amekwisha kumfundisha bure?" Nilimjibu kwa kifupi, kwa maana muda ulikuwa mdogo. Mhariri wa gazeti letu la shule ameniomba nieleze kwa urefu, ili wanafunzi, wazazi na walimu wenzangu wafahamu masomo hayo ni nini, yalianzaje, na kijana wa Tunduma aweza kupata nini ndani yake.

Kwanza, masomo hayo si ya kupika wala kushona. Kupika na kushona ni kazi za heshima, na zina vyuo vyake. Elimu tunayoizungumza hapa huchunguza maisha ya wanawake na wanaume katika jamii: nani hufanya kazi gani, nani hulipwa, nani humiliki ardhi, nani hutoa uamuzi, na kwa nini mambo yamekuwa hivyo. Wataalamu hutofautisha maneno mawili yanayofanana. Jinsi ni hali ya kuzaliwa, mume au mke. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyapanga juu ya hali hiyo. Kuzaa ni jambo la jinsi, kwa kuwa hakuna baraza la wazee liwezalo kumpa mwanamume kazi hiyo. Bali kuchota maji ni jambo la jinsia, maana mikono ya mvulana haishindwi kushika ndoo. Mtu akiisha kuelewa tofauti hiyo, amekwisha kuingia mlango wa kwanza wa elimu hii.

Nitatoa mifano miwili ya nchi yetu hii, ili isionekane kwamba ni habari za mbali.

Mfano wa kwanza ni wa historia. Katika vitabu vya zamani juu ya nchi iliyo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, twasoma sana habari za machifu, vita, misafara ya pembe na watumwa. Wanawake huonekana kama kivuli tu. Lakini Bibi Elise Kootz-Kretschmer, wa misheni ya Moravian katika nchi ya Wasafwa, aliandika maisha ya wanawake kama walivyomsimulia wenyewe. Baadaye Bibi Marcia Wright, mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, alikusanya masimulizi ya namna hiyo, akayachunguza, na mwaka 1993 akatoa kitabu kiitwacho Strategies of Slaves and Women. Humo mna habari za Narwimba, Chisi, Meli na wengineo. Twajifunza kwamba katika karne ya 19, mwanamke asiyekuwa na mume wala ndugu wa kumlinda alikuwa katika hatari kubwa. Aliweza kukamatwa, kutolewa rehani au kuuzwa, na wengine walitafuta kuolewa ili wapate ulinzi. Basi ndoa katika siku hizo haikuwa jambo la nyumbani tu, bali ilikuwa ngome. Vitabu vya machifu na vita havikutueleza hivyo, kwa sababu hakuna aliyewauliza akina bibi.

Mfano wa pili ni wa leo, nao uko mlangoni petu. Kila mwanafunzi wa shule hii ameona akina mama wavukao kati ya Tunduma na Nakonde na mizigo ya mahindi, mchele, vitenge na sabuni. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi, ili mtu akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Mtaalamu wa uchumi atahesabu malori na ushuru. Mtaalamu wa masomo ya jinsia atauliza zaidi: Je, mama mwenye ndoo mbili za mchele hupita kituoni au njia ya panya? Ikiwa hupita njia ya panya, ni kwa kutojua sheria, kwa kuogopa foleni, au kwa kuogopa kudaiwa hongo? Akiwa safarini, mtoto wake mchanga hubaki na nani? Na je, dada wa huyo mtoto ndiye aliyekosa shule siku hiyo? Hali kadhalika katika mashamba ya kahawa ya Mbozi, atauliza: nani alipalilia, nani alichuma, na fedha zilipokelewa kwa jina la nani? Maswali haya si ya ugomvi. Ni ya hesabu, maana hesabu isiyotaja kazi ya nusu ya watu haiwezi kuwa sahihi.

Sasa nieleze yalivyoanza. Hapo zamani mlango wa vyuo vikuu ulikuwa mwembamba kwa wanawake. Chuo cha Makerere, Uganda, kilipokea wanafunzi wanawake wa kwanza mwaka 1945, nao walikuwa sita tu. Kati ya wasichana wa miaka ile ya mwanzo alikuwamo Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye aliolewa na mchoraji mashuhuri wa Tanganyika, Bwana Sam Ntiro. Yasimuliwa kwamba mwalimu wa hesabu alikataa kufundisha maadamu msichana huyo yumo darasani, ikambidi achukue masomo mengine. Hakuvunjika moyo. Alikwenda Oxford, na mwaka 1954 akapata digrii ya historia, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata digrii. Aliporudi kufundisha Uganda, aliona mshahara aliopewa ni mdogo kuliko wa wanaume wenye elimu kama yake. Akaukataa, akaendelea kufundisha bila malipo mpaka jambo lile likarekebishwa.

Kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na masomo ya sheria peke yake, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi walikuwa 14, na kati yao mwanamke alikuwa mmoja, Bibi Julie Manning. Mwaka 1975 huyo huyo alikuwa Waziri wa Sheria. Yafaa kila msichana anayekaa peke yake katika darasa la fizikia akumbuke hesabu hiyo: mmoja kati ya 14.

Lakini kuwa na wanafunzi wanawake si sawasawa na kuwa na elimu ya kuchunguza maisha yao. Jambo hili la pili lilikuja baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wanawake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kukutana, kufanya utafiti na kukusanya maandiko juu ya wanawake wa Tanzania. Mwaka 1983 Bibi Ophelia Mascarenhas na Bibi Marjorie Mbilinyi walitoa kitabu kikubwa kinachoorodhesha na kueleza maandiko hayo. Kabla ya hapo mtafiti alihangaika kutoka kabati hadi kabati. Tangu hapo alikuwa na ramani. Makerere ilianzisha idara kamili ya masomo ya wanawake mwaka 1991. Dar es Salaam nayo baadaye ikapata taasisi yake ya masomo ya jinsia.

Sitaki kuwaficha wasomaji kwamba njia hiyo ilikuwa na miiba. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja msichana wa Dar es Salaam alipoteza maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na kundi la wanafunzi wa kiume. Siku hizo kulikuwa na desturi ya kubandika ukutani maandishi ya kuwaaibisha wanafunzi, na wasichana waliumizwa nayo sana. Wengi waliita jambo hilo utani. Msiba ule uliwafumbua macho, na akina mama wasomi na waandishi wa habari wakapaza sauti kwamba utani unaomnyima mtu usingizi si utani. Nawaomba wavulana wa shule yetu walifikirie neno hili wanapoandika ukutani au wanapopelekeana ujumbe kwa simu.

Sasa nije kwenye tuzo na misaada, maana najua wazazi wengi wangependa kufika hapo. Watu huchanganya mambo matatu, nami nitayatenganisha.

La kwanza ni tuzo. Hii ni heshima apewayo mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Vyuo vikuu vingi hutoa zawadi kwa wanafunzi waliofanya vizuri kuliko wenzao, na vyuo vyenye masomo ya wanawake, hasa katika nchi za Ulaya na Marekani, hutoa tuzo kwa insha bora au utafiti bora juu ya maisha ya wanawake. Fedha za tuzo aghalabu si nyingi, lakini jina humfungulia mtu milango. Ziko pia tuzo kubwa za dunia. Mwaka 2018 Bibi Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana wa Tanzania, alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kwa kazi yake ya kutetea wasichana. Mwaka 2004 Bibi Wangari Maathai wa Kenya, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Kazi yake ya kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini ilianza mwaka 1977. Hesabuni wenyewe: kati ya mche wa kwanza na tuzo ile ilipita miaka 27.

La pili ni ufadhili, yaani fedha za kumsomesha mtu, zisizorudishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Carnegie Corporation la New York lilitoa fedha za kuwasomesha wasichana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, Chuo hicho kilianzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia alama za kuingia masomo ya sayansi. Waliitwa chuoni, wakafundishwa kwa majuma kadhaa, wakapimwa, na waliofaulu wakaingia. Makerere nayo ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama 1.5 katika kuchaguliwa. Wengine walinung'unika kwamba huo ni upendeleo. Jibu ni hili: aliyechota maji na kupika kabla ya kufungua daftari hakuanza mbio mahali pamoja na mwenziwe.

La tatu ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo hurudishwa, tena kutoka katika mshahara, na mzazi asidhani ni zawadi. Hata hivyo umewatoa wengi vijijini. Ombi lake hutaka karatasi nyingi: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani, na cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki. Nimeona vijana wenye alama nzuri wakihangaika kwa kukosa cheti cha kuzaliwa tu. Wazazi, tafuteni cheti hicho sasa, mtoto akiwa Kidato cha Kwanza, msingoje Kidato cha Sita.

Baada ya tuzo, nitasema juu ya mihadhara. Muhadhara si kama somo la darasani lenye mtihani. Mtaalamu husimama, hueleza utafiti wake kwa muda wa saa moja hivi, kisha wasikilizaji humwuliza maswali, na hata kumpinga. Mihadhara mingi hufunguliwa kwa watu wote bila kiingilio. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanzishwa mwaka 1993, umekuwa kwa miaka mingi ukiendesha semina kila Jumatano huko Mabibo, Dar es Salaam. Katika semina hizo mama wa sokoni huketi pamoja na mwalimu wa Chuo Kikuu, na wote huzungumza Kiswahili. Mtandao huo pia huandaa Tamasha la Jinsia, lililoanza mwaka 1996. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wanawake wa dunia nzima walikutana Beijing, Uchina, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa, na Katibu Mkuu wa mkutano huo alikuwa Bibi Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, aliyesoma Dar es Salaam na kuanza maisha yake ya kazi kama mwalimu.

Mwanafunzi aendaye kwenye muhadhara achukue daftari, aandike neno moja asilolielewa na jambo moja asilokubaliana nalo, kisha aulize. Anayekaa nyuma na kunyamaza hurudi nyumbani na nusu ya muhadhara.

Kazi za kujitolea ndizo nizipendazo kuliko zote, kwa sababu hazingoji cheti. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake walianzisha chama chao, TAMWA, wakatoa gazeti lililoitwa Sauti ya Siti, kwa kumkumbuka mwimbaji mkuu wa Zanzibar, Siti binti Saad. Mwaka 1989 wanasheria wanawake nao waliunda chama chao, TAWLA. Katika vyama vya namna hii vijana wa vyuo hujitolea: huwasaidia wajane kuandika barua za madai, hukusanya takwimu, hufasiri sheria kwa maneno mepesi, huwasikiliza waliopigwa na kuwapeleka panapostahili. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria, ambao si mawakili bali wamefunzwa mambo ya msingi, wanatambuliwa na serikali. Kijana akijitolea hapo likizo moja, hujifunza mambo ambayo hatayapata katika vitabu kumi.

Mtu aweza kuuliza, "Je, utafiti huo wote na mihadhara hiyo yote vimeleta nini?" Ni swali la haki. Nitataja machache. Mwaka 1998 ilitungwa sheria ya kuadhibu vikali makosa ya kujamiiana, baada ya akina mama hao kupiga mbiu kwa muda mrefu. Mwaka 1999 zilitungwa sheria mbili za ardhi, zinazompa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikawa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari aweza kufungwa miaka 30. Mwaka huo huo, katika shauri lililofunguliwa na Bibi Gyumi, Mahakama Kuu ilisema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo. Tena Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya kujifungua aweza kurudi.

Yote hayo yanatugusa sisi wa mpakani. Mwanafunzi wangu mmoja, hodari wa Historia, aliacha shule katika Kidato cha Tatu, akaenda kuuza vitu kando ya barabara ya malori. Hakufukuzwa na mtu. Nyumbani kulikuwa na fedha za mtoto mmoja tu, na kaka yake ndiye aliyeendelea, ingawa alama zake zilikuwa chini. Wazazi wake si watu wabaya. Walifanya kama walivyozoea kuona, wala hawakujua kwamba kuna milango mingine niliyoitaja hapo juu. Naandika makala haya ili mzazi mwingine asikose kujua.

Wako wanaosema kwamba masomo haya yatawafanya mabinti wadharau mila. Nawaambia, mila zetu zina mengi mema, na kwa kuzichunguza tutajua lipi la kushika na lipi la kuacha. Wako pia wavulana wanaodhani hayawahusu. Je, mvulana hataoa? Hatakuwa na binti? Hakimu, daktari, afisa wa forodha na mwenyekiti wa kijiji, wote watahukumu au kuhudumia wanawake kila siku. Afadhali wajue.

Kwa wanaotaka kujiandaa, nashauri hivi. Shikeni sana Historia, Kiswahili, Kiingereza na Jiografia, wala msiikimbie Hisabati, kwa kuwa utafiti hauendi bila takwimu. Mbali na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, masomo ya jinsia na maendeleo hufundishwa pia katika Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kivukoni, na katika Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, Tengeru, karibu na Arusha. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, lakini reli ya TAZARA yapita mjini kwetu, na wengi wametangulia.

Na wale ambao bado wako Kidato cha Kwanza na cha Pili wasikae bure. Muhula ujao nitaanzisha kikundi cha kujitolea, wavulana kwa wasichana, kila Alhamisi baada ya masomo. Kazi yetu ya kwanza itakuwa hii: kila mmoja amwendee bibi yake au jirani mzee, amwamkie kwa heshima, amwombe ruhusa, na kumwuliza alivyoishi alipokuwa na umri wetu. Alilima nini? Alisoma mpaka wapi? Nani aliamua aolewe na nani? Alivukaje mpaka siku hizo? Tutayaandika kwa Kiswahili safi, na yaliyo bora yatatolewa katika gazeti hili kwa ruhusa ya wenyewe. Akina Narwimba na Chisi waliandikwa na wageni waliotoka mbali. Bibi zetu waandikwe na wajukuu wao. Wanaotaka kujiunga walete majina yao kwangu, katika chumba cha walimu, kabla ya shule kufungwa.